Maji Kwanza: Paka Mzee Anapofunga Choo

Mazungumzo ya leo yanaanza na swali ambalo wengine wataliona la aibu: paka wako amekwenda haja kubwa lini mara ya mwisho?

Sikuulizi amekula lini. Hilo unalijua, maana mwenyewe hukufuata jikoni akilia mpaka umtupie kichwa cha kibua. Nauliza habari ya choo, na najua wengi hamna jibu. Paka wa mitaa yetu ya Dar es Salaam, kuanzia Bunju mpaka Mbagala, hana choo nyumbani. Alfajiri anatoka, anaruka ukuta, anakwenda kwenye lundo la mchanga wa ujenzi wa jirani, anachimba, anamaliza, anafukia, anarudi. Anayejua habari zake ni jirani tu, siku fundi anapochota mchanga na kukuta kitu ambacho hakukiagiza. Kwa paka kijana mpango huo hauna hasara. Kwa paka mzee una hasara, kwa sababu siku choo kinapogoma hakuna anayetambua, na mpaka mtambue, siku nne au tano zimeshapita.

Paka mzee ni yupi? Madaktari wa wanyama huanza kumhesabu paka kuwa mzee akifikisha miaka 11 hivi. Akifika 15, umri wake unalingana na wa binadamu wa miaka 76. Zamani hatukuwaona wengi wa umri huo. Paka wa mtaani aliondoka mapema, kwa gari, kwa mbwa, kwa sumu ya panya. Lakini leo Tegeta, Boko, Mbweni, Kijichi, Toangoma na Chamazi kumejaa nyumba zenye uzio na geti, na ndani yake kuna paka aliyekuja akiwa kitoto wakati mtoto wa nyumba anaanza darasa la kwanza, na sasa mtoto huyo yuko chuo. Paka yupo bado, analala kwenye kiti cha baba, na tumbo limeanza kumsumbua.

Neno langu leo ni moja, nalitanguliza ili hata atakayezima redio mapema aondoke nalo: paka mzee akifunga choo, fikiria maji kabla ya kufikiria dawa, na dawa ya binadamu iache dukani.

Kwa nini maji? Utumbo mpana kazi yake kubwa ni kunyonya maji kutoka kwenye mabaki ya chakula kabla hayajatoka. Mwili ukiwa na maji ya kutosha, unanyonya kiasi na choo kinapita kikiwa laini. Mwili ukiwa na kiu, unanyonya mpaka tone la mwisho. Choo kinakuwa kikavu, kinakuwa vipande vigumu kama kokoto, na paka akijikamua anaumia. Akiumia, safari ijayo anajizuia. Akijizuia, choo kinakaa zaidi, na kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyozidi kunyonywa maji. Hapo duara limefungwa. Likiachwa wiki na miezi, utumbo unatanuka kuliko kawaida, misuli yake inalegea, na inafika mahali haiwezi tena kusukuma kitu hata kikiwa laini. Hali hiyo madaktari huiita megakoloni, na paka aliyefika huko mara nyingi hutibiwa maisha yake yote. Wengine huishia kukatwa sehemu ya utumbo.

Sasa msikilizaji, paka kwa asili si mnywaji. Babu yake ni paka mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kavu aliyezoea kupata maji yake ndani ya windo. Panya mmoja, karibu asilimia 70 ya mwili wake ni maji. Kwa hiyo paka anayekula panya anakula na kunywa kwa pamoja, na hajaumbiwa kiu kali ya kumkimbiza kwenye bakuli. Paka wa kilo nne anahitaji kama mililita 200 za maji kwa siku, ukijumlisha yaliyo ndani ya chakula. Ukimpa chakula cha kopo au nyama iliyochemshwa, ambavyo sehemu yake kubwa ni maji, sehemu kubwa ya hesabu imeshatimia. Ukimpa kile chakula kikavu cha pakiti, ambacho maji yake ni kama asilimia 10 tu, inabidi anywe karibu glasi nzima kwa ulimi ule mdogo. Wengi hawafikishi. Akiwa kijana mwili unavumilia, akizeeka hauvumilii.

Na hapa ndipo Dar es Salaam inapoingia na shida zake. Ukitoka katikati ya jiji kwenda pembezoni, nyumba nyingi zina maji ya aina mbili. Kuna ya bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanayotoka mto Ruvu, au ya madumu ya kununua. Hayo ni ya kunywa na kupikia. Na kuna ya kisima, ambayo kwenye maeneo mengi yana chumvi. Hayo ni ya kudekia, kufulia na kumwagilia. Swali: bakuli la paka linajazwa yapi? Mara nyingi ni ya kisima, kwa sababu nani amwagie paka maji ya kununua? Wakati wa mgao, kama ule mkali wa Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua, paka ndiye wa mwisho kukumbukwa. Paka akionja chumvi anageuka. Utamwona anakwenda kulamba tone kwenye bomba, au anaingiza kichwa kwenye ndoo ya jikoni, nawe unamfukuza ukisema ana adabu mbaya. Adabu anayo. Anachotafuta ni maji matamu.

Wanaofuata mafundisho ya Kiislamu wanaijua habari ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume. Alikuwa anatawadha, akaja paka, naye akakiinamisha chombo chake cha udhu mpaka paka akanywa akatosheka. Aliyemtazama akashangaa, naye akamweleza kwamba Mtume alifundisha kuwa paka si najisi, ni katika viumbe wanaotuzunguka majumbani. Zingatieni kwamba maji yenyewe yalikuwa ya udhu, na paka alipewa hayo hayo. Kwa hiyo wewe uliye Chamazi, mpe paka wako maji unayokunywa mwenyewe. Kikombe kimoja kwa siku hakitamaliza dumu.

Tena mwekee sehemu mbili tatu, mbali na chakula na mbali kabisa na anapojisaidia. Tumia bakuli pana, la udongo au la kigae, ambalo ndevu zake hazigusi kingo. Badilisha asubuhi na jioni. Miezi ya joto, kuanzia Desemba hadi Machi, usiliache uani juani, maana maji yakipata moto hayagusi.

Lipo jambo moja linalowachanganya watu. Utasikia mtu anasema, "Huyu wangu hawezi kuwa na shida ya maji, mbona siku hizi anakunywa mno?" Ndugu yangu, paka mzee aliyeanza ghafla kunywa sana na kukojoa sana anakupa habari nzito. Figo za paka huchoka uzeeni, na figo iliyochoka haiwezi kubana maji. Yanapita tu kwenda kwenye mkojo. Anakunywa, lakini mwili unabaki mkavu, na choo kinakauka vilevile. Kisukari nacho huleta kiu ya namna hiyo. Kwa hiyo kufunga choo kwa paka mzee mara nyingi ni tawi, na mzizi uko kwingine. Ndiyo maana vipimo vya damu na mkojo kwa umri huo si anasa.

Tuje kwenye sahani. Paka wa Dar anakula ugali na dagaa, wali na mabaki ya samaki, na siku ya sikukuu mifupa ya kuku. Dagaa wakavu wana mambo mawili: mchanga na ukavu. Waoshe kama unavyowaosha wa kula mwenyewe, walowee, kisha wachemshe kwa maji mengi, bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa sababu vitunguu huharibu damu ya paka. Halafu, tafadhali, usiimwage ile supu. Mpe na supu yake. Kwanza ni maji anayoyapenda. Pili, ndani ya nyama na samaki kuna kitu kiitwacho taurini, ambacho mwili wa paka hauwezi kukitengeneza cha kutosha, na kinayeyukia kwenye maji ya kuchemshia. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California walionyesha kwamba paka wanaopungukiwa na taurini hupata ugonjwa wa moyo. Ukimwaga supu umemwaga na hiyo.

Ugali usiwe ndio mlo. Paka ni mla nyama. Ugali unajaza tumbo tu, haumjengi. Nenda buchani ununue mapupu, au sokoni Tandika ununue firigisi na shingo za kuku, chemsha, katakata vidogo, ondoa mifupa yote. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vikali, na hata usipomchoma, unga wake hufanya choo kiwe kigumu na cheupe kama kimepakwa chokaa. Miiba ya samaki hivyo hivyo.

Kuhusu boga: ndiyo, boga lililochemshwa na kupondwa linasaidia baadhi ya paka, kijiko kimoja cha chai ndani ya chakula chenye supu. Boga tupu, msikilizaji, si lile la futari lenye tui na sukari. Lakini nyuzinyuzi za boga zinafanya kazi zikikuta maji. Paka aliyekauka ukimjaza nyuzinyuzi unamwongezea mzigo wa kusukuma. Na papai, dawa yetu sisi ya siku zote? Paka hana ladha ya utamu kwenye ulimi wake, kwa hiyo hata ukimbembeleza, atalinusa na kuondoka.

Maziwa nayo yana sifa ambayo hayastahili. Paka wengi wakubwa hawana tena uwezo wa kusaga sukari iliyo kwenye maziwa. Wakinywa wanaharisha, na mtu anafurahi akidhani choo kimefunguka. Kuharisha ni kupoteza maji. Kesho yake anafunga zaidi ya jana.

Tumezungumza tumbo, sasa tupande kwenye nyonga. Mwaka 2002 madaktari wa Marekani walichapisha walichokiona kwenye picha za eksirei za paka 100 waliovuka miaka 12. Tisini kati yao walikuwa na dalili za viungo kulika. Fikiria sasa paka wako wa miaka 13. Ili ajisaidie inabidi aruke ukuta wenye vipande vya chupa juu yake, ashuke upande wa pili, achimbe, achuchumae akiwa anaumwa magoti na kiuno, kisha apande tena. Akitazama safari yote hiyo anaahirisha. Na ikiwa ni masika, uani kumejaa maji, na paka hapendi kukanyaga tope, anaahirisha hadi kesho, na kesho mvua iko pale pale. Choo kinachoahirishwa ni choo kinachokauka.

Wengine wana historia ya barabarani. Paka aligongwa na bodaboda akiwa kijana, akajificha uvunguni wiki mbili, akapona mwenyewe, mkasema ana roho ya paka. Alipona, lakini mfupa wa nyonga ukaunga vibaya na kubana njia ya choo. Ujanani kilipita kwa sababu kilikuwa laini. Uzeeni kimekuwa kigumu, na njia ni ile ile nyembamba. Mwambie daktari habari hiyo hata kama ilitokea miaka kumi iliyopita.

Dawa ya upande huu haina gharama. Chukua dumu la lita 20 lililochakaa, lilaze, likate ubavu wote wa juu, na upande mmoja ushushe kingo hadi vidole vinne kutoka chini ili mzee aingie bila kuruka. Jaza mchanga mkavu au maranda ya kwa seremala. Liweke pa faragha, stoo au nyuma ya jiko la uani, mahali pakavu. Hapo umempunguzia safari, na wewe umepata kile ulichokikosa miaka yote: utaona choo chake. Utajua kimetoka lini, ni laini au kigumu, kina damu au kamasi. Zoa kila siku kwa koleo dogo, nawa mikono kwa sabuni, na mama mjamzito asiishike kazi hiyo, kwa sababu kwenye kinyesi cha paka kunaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni.

Manyoya pia yamo. Paka hujilamba, humeza manyoya, na akiwa na viroboto hujilamba mara mbili zaidi. Mchane kwa kitana mara kadhaa kwa wiki. Viroboto watibiwe, lakini kwa dawa iliyoandikwa kwamba ni ya paka. Zile za mbwa zenye permetrini humtia paka mtetemeko na degedege, na zimewaua wengi. Na nyumba zenye cherehani zijihadhari na uzi. Paka akimeza uzi na ukauona unaning'inia nyuma, usiuvute, maana unaweza kuukata utumbo kwa ndani. Mpeleke kwa daktari hivyo hivyo.

Sasa niwapeleke kwenye duka la dawa. Jioni moja nilikuwa kwenye foleni ya duka moja huko Temeke. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja mwenye kanga mbili na kikapu cha ukili kilichofungwa kwa kitambaa juu.

"Shikamoo mama," muuzaji akamwamkia, kijana mpole tu.

"Marahaba mwanangu. Nipe ile dawa ya kufungua choo, ya kuweka kwa nyuma."

"Ya mtu mzima au ya mtoto?"

"Ya paka."

Foleni nzima ikacheka. Kijana yeye hakucheka. Akafikiri, akageuka kwenye rafu, akasema, "Basi chukua ya mtoto, mama. Si paka ni mdogo?"

Mantiki yake ilikuwa imenyooka kabisa, na ingeweza kuua. Baadhi ya zile chupa za kufungulia choo zina chumvichumvi za fosfeti. Kwa binadamu mzima mwenye afya hazina neno. Kwa paka, fosfeti inaingia kwenye damu haraka, madini ya kalsiamu yanaporomoka, anaanza kutetemeka, moyo unayumba, anakufa. Kuwa ya mtoto hakusaidii kitu, kwa sababu tatizo ni kilichomo ndani ya chupa.

Nikaingilia, kwa adabu. "Samahani mama, ni dume au jike?"

"Dume."

"Amekuwaje?"

"Tangu asubuhi anachuchumaa, anajikamua, analia, hatoi kitu. Anatoka hapa anakwenda pale."

"Mkojo wake umeuona leo?"

Mama akanyamaza. Akakitazama kikapu. Kisha akasema, "Hapana, baba. Mkojo sijauona." Hakununua dawa. Alitoka akaita bajaji kwenda kwa daktari wa mifugo.

Wasikilizaji, hapo pana jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote ya dawa. Paka anayejikamua si lazima awe amefunga choo. Kwa mtazamaji, paka aliyezibwa mkojo na paka aliyezibwa choo wanafanana mno. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba sana, inaweza kuzibwa na mchanga mchanga au ute. Akizibwa, sumu ambazo zingetoka na mkojo zinarudi kwenye damu, na ndani ya siku mbili tatu, pengine chini ya hapo, anakufa. Dalili za mkojo: anachuchumaa mara nyingi, anatoa matone au hatoi kabisa, anajilamba sana sehemu za siri, analia, anaanza kutapika, hataki kushikwa tumbo. Ukiona hivyo usisubiri kupambazuke, na usilibonyeze tumbo ukidhani unamsaidia. Ndiyo maana nasema kabla ya kuuliza dawa gani, uliza mkojo umetoka?

Na tukiwa bado dukani, tumalize orodha. Parasetamoli ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini msimpe kwa kubahatisha, hasa mzee mwenye figo mbovu. Mafuta ya nyonyo ni makali mno. Mafuta ya kupikia husagwa tumboni kama chakula kingine, hayafiki kulainisha choo. Na mafuta yoyote ukimmiminia mdomoni kwa nguvu yanaweza kupita njia ya hewa na kumpa homa ya mapafu. Sabuni kwa nyuma, kama tulivyofanyiwa wengine utotoni, hapana.

Angalieni pia mtego wa kuharisha. Pengine unaona paka mzee anatoa majimaji kidogo kidogo yenye kamasi, unasema anaharisha, unampa dawa ya kufunga tumbo. Kumbe ndani kuna bonge gumu lililoziba, na majimaji yale yanapenya pembeni yake. Ukimfunga, umemmaliza. Mwonyeshe daktari kwanza.

Sasa usubiri mpaka lini? Paka mwenye afya huenda choo karibu kila siku. Ikipita siku moja, hajatoa, lakini anakula na anachangamka, mwongezee supu na maji, mtazame. Zikitimia saa 48, tafuta daktari hata kama anaonekana mzima. Akiwa anatapika, hataki kula, amejikunyata, amekonda, au analia akijikamua, usihesabu saa. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na paka ni bingwa wa kuficha. Mpaka akuonyeshe kwamba anaumwa, ujue amevumilia kwa muda.

Dalili nyingine ya mapema ni uzito. Mchukue hadi duka la Mangi wa mtaani siku hakuna wateja, muweke kwenye mzani ndani ya kikapu, halafu upime kikapu peke yake. Fanya hivyo kila mwezi, andika nyuma ya kalenda. Paka wa kilo nne akipoteza nusu kilo, amepoteza sehemu moja ya nane ya mwili wake. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilo kumi.

Daktari atafanya nini? Atalipapasa tumbo, atahisi bonge. Atapima joto, atatazama fizi na ngozi kujua ukavu wa mwili. Penye mashine, atapiga picha ya eksirei. Penye maabara, atatoa damu kupima figo na sukari. Kisha, mara nyingi, kabla ya kitu kingine chochote, atampa maji, ya kwenye mshipa au ya chini ya ngozi. Mwili ukishapata maji ndipo atasafisha utumbo kwa maji ya uvuguvugu, akiwa amemlaza usingizi ikibidi. Baadaye anaweza kumwandikia laktulosi, dawa tamutamu ya maji. Hiyo nayo, ukiuliza inavyofanya kazi, inavuta maji na kuyaingiza kwenye utumbo. Mnaona? Hata dawa yenyewe inarudi kwenye maji. Na ndiyo sababu hairuhusiwi kujipimia nyumbani, kwani paka aliyekauka ukimpa ya kuvuta maji, itayavuta kutoka mwilini mwake yasikokuwepo.

Atapatikana wapi huyo daktari? Wakazi wa Temeke kila siku mnapita kituo kiitwacho Veterinari, mnashuka, mnapanda, jina limekuwa la kituo tu. Hapo ndipo ilipo Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2012. Ile ni taasisi ya maabara, lakini jina lake litukumbushe kwamba nchi hii ina fani hiyo. Sokoine, chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, kimefundisha madaktari wa mifugo miaka yote hii. Ni kweli kwamba kazi yao kwetu imekuwa zaidi ya ng'ombe, mbuzi na kuku, na paka alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Hata hivyo daktari yupo. Anza na afisa mifugo wa kata yako, au uliza kwenye duka la dawa za mifugo, wakuelekeze kwa daktari anayepokea paka. Na ukimpata, usione haya kumuuliza kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari, maana Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka hivyo. Ulizeni leo paka akiwa mzima, namba iingie kwenye simu. Saa nne za usiku si wakati wa kuanza kuuliza majirani.

Wapo watakaosema, watoto hawajapata dawa, sembuse paka. Nalielewa neno hilo, na silidharau. Ndiyo maana sehemu kubwa ya niliyoyasema leo haina bei: maji matamu, supu isiyo na chumvi, dumu lililokatwa, jicho la kutazama. Nyumba inayofanya hayo mapema inajiepusha na gharama ya daktari. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haimtofautishi paka na ng'ombe: mwenye mnyama ana wajibu wa kumtunza. Huyu tuliyemfuga kwa ajili ya panya, akatulindia unga na mchele miaka kumi na tatu, hawezi kuachishwa kazi bila mafao.

Nimalizie na safari yenyewe ya kwa daktari. Usimbebe paka mgonjwa mikononi juu ya bodaboda. Honi moja tu ya lori atakuponyoka. Mtie kwenye kikapu chenye kifuniko au kreti iliyofungwa kamba, chini weka kanga kuukuu yenye harufu ya nyumbani, juu funika apate giza lakini apate na hewa. Ukiwa na sampuli ya choo chake cha mwisho, ifunge kwenye mfuko, uende nayo. Na ukifika, mwambie daktari mambo sita kwa mpangilio: umri wake, dume au jike, choo cha mwisho lini, mkojo wa mwisho lini, anakula na kunywa nini, na dawa zote mlizompa, hata ile mnayoona aibu kuitaja. Hasa hiyo.